Mtunza Makafi

Nimefundisha somo la uraia miaka mingi hapa Alunguli, darasa la tano na la sita, na wakubwa siwaamini. Siwaamini wakicheka, siwaamini wakinyamaza, na wakija kunisalimia nyumbani ndiyo kabisa, nahesabu vijiko wakishaondoka. Kila mwaka nilichora ubaoni vyumba vitatu. Cha kwanza wanakaa wanaotunga sheria, cha pili wanaozitekeleza, cha tatu wanaohukumu. Nikawaambia watoto: muntu mumoja akishika funguo za vyumba vyote vitatu, kimbieni. Watoto walicheka, wakaandika, nami nikafuta ubao nikaenda zangu.

Mfano wangu niliutoa kwa mama yangu mzazi. Kwetu samaki akishaiva, anayemkata hachagui. Mama alikata vipande, akageuza mgongo, na sisi watoto tukachukua kuanzia mdogo wetu. Kipande kilichobaki ndicho chake. Kwa hiyo alikata sawasawa, maana alijua kipande kibovu hakuna atakayekigusa, kitamngoja yeye. "Serikali nzuri njo ile," niliwaambia watoto. "Mwenye kisu asiwe mwenye kuchagua." Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilifanya niliyoyafanya kwa ujinga. Nilijua. Mshahara wangu ulikuwa wa kujua.

Kiangazi kilichopita alikuja kijana mmoja wa tribinali kwa pikipiki, akanikabidhi konvokasyo, karatasi ya kuitwa mahakamani. Nilimwuliza nani amemtuma, akasema karatasi inajieleza. Nikaisoma mara tatu nikitafuta mtego. Nilikuwa naitwa kutoa ushahidi katika kesi ya parsele moja ya avenyu yetu, mtaa huu huu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mdai alikuwa mwanamke aliyekaa pale zamani na mumewe, mvushaji wa watu kwa mtumbwi. Alituacha miaka ya vita, akaenda kwa miguu mpaka Kalima, akaishi huko akiosha mawe ya madini ya kasiterite, na sasa amerudi na mvi zake kudai kiwanja chake. Mdaiwa alikuwa bwana mmoja wa ofisi ya komini, serikali yetu ya hapa, aliyejenga pale nyumba ya matofali ya kuchoma.

Kesi yote ilisimama juu ya jambo moja. Wakati wa vita kamati ya avenyu ilisema yule mvushaji ni msaliti, anavuka kwenda kwa adui, na familia yake ikafukuzwa. Kama hukumu ile ilikuwa ya kweli, basi parsele iliachwa, na bwana wa komini ameipata kihalali. Kama ilikuwa ya uwongo, parsele ni ya mama yule. Na katika kamati ile, aliyebaki hai ni mmoja tu. Mimi.

Bwana wa komini hakuchelewa. Siku ya pili yake akabisha hodi, na mkate mkononi. Ala! Tangu lini mtu wa komini ananiletea mkate? Akakaa, akasifu kuku wangu, akasifu hata choo changu. Kisha akasema polepole: "Mwalimu, siku zile kamati njo ilikuwa sheria. Hakukuwa na tribinali, hakukuwa na polisi. Kamati ikisema, imesema. Weye ukumbuke ivyo tu." Nikamwambia nakumbuka mengi. Akacheka. "Hapana mengi, Mwalimu. Hilo moja." Alipoondoka mkate nikampa mbuzi wa jirani, nikamwangalia mbuzi mpaka alasiri nione kama atakufa. Hakufa.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Miaka ile reli ilinyamaza na chumvi tuliipima kwa kijiko cha chai. Wenye bunduki wa mji walikaa ng'ambo ya mto, upande wa bandari. Wale wengine wenye bunduki walikuwa msituni, nyuma yetu na ng'ambo pia, nje ya mji. Sisi wa Alunguli tulikuwa katikati, na kila upande ulituona watu wa upande wa pili. Kwenda kuokota kuni ilikuwa kuaga dunia. Kwenda shambani, ulikwenda kabla jua halijatoka, ukarudi ukiwa unakimbia.

Komandan wa mji alituita kwenye uwanja wa shule. Alikuwa kijana, miwani nyeusi, sauti ndogo. Akasema kuna mitumbwi inavuka jua likishazama, inapeleka habari kwa adui, na yeye hana nguvu ya kulinda mto mzima. Kila avenyu iunde kamati, kamati ijibu kwake. Akaondoka na watu wake, tukabaki tunatazamana. Basi mtu akasema, "Mwalimu anajua kuandika," na wote wakasema ndiyo, Mwalimu. Tulikuwa watatu: mimi, katekista mmoja, na mzee mstaafu wa reli. Haukupita mwezi katekista akakimbilia kwao upande wa Kibombo, mzee wa reli akaugua asiinuke tena. Nikabaki kamati mimi peke yangu. Ningeweza kuwaambia watu tuchague wengine. Sikusema, na hakuna aliyeniuliza.

Nikatunga kanuni. Niliiandika kwa kalamu nyekundu, hati nzuri, nikaibandika kwenye mlango wangu. Kila mwenye mtumbwi ataleta kafi lake kwa kamati kabla ya magaribi na kulichukua asubuhi. Kafi lisipoonekana asubuhi, mwenye nalo amevuka kwa adui. Aliyevuka kwa adui hana makao tena kwenye avenyu hii. Nilijiona nimepata akili ya ajabu. Mtumbwi huwezi kuufungia nyumbani, lakini kafi unaliweka begani. Mtumbwi bila kafi ni gogo tu.

Basi kila jioni wavushaji na wavuvi walipanga mstari uani kwangu, makafi mabegani, nami nikayapokea moja moja nikiandika daftarini. Yalikuwa ishirini na matatu. Niliyafungia kwenye jiko la uani, kibanda cha matofali mabichi, maana ndicho pekee kilichokuwa na kufuli. Ufunguo mmoja ulining'inia shingoni mwangu. Wa pili alikuwa nao mama, kwa sababu sufuria zake zilikuwa mle mle. Nani angemshuku mama?

Niseme ukweli, nilinogewa. Hata wazee walionizidi umri walinitangulia kwa salamu. Mtu akichelewa kuleta kafi, nilimngojesha amesimama. Nilianza kutembea mikono nyuma.

Yule mvushaji wa nyumba ya tatu nilikuwa namshuku toka zamani. Kwa nini? Kwa sababu alicheka sana. Watu wamekonda, yeye anacheka. Kisha mkewe alikuwa na chumvi, tena akaigawa kwa majirani, kijiko hapa kijiko pale. Nikajiuliza, mtu wakati wa vita anatoa wapi chumvi ya kugawa? Chumvi ile hata mama yangu aliila, na mimi nikaila, na nilipokuwa naila nilikuwa namshuku.

Asubuhi moja ya mvua nilifungua jiko nikahesabu. Ishirini na mawili. Nikahesabu tena. Wavushaji wakachukua kila mtu lake, akabaki yule mvushaji amesimama mikono mitupu.

"Langu hakuna, Mwalimu."

"Kama hakuna, hukulileta."

"Nilikukabizi jana kwa mkono. Lile liko na ufa. Wewe mwenyewe uliniambia nilifunge waya."

Kweli nilimwambia. Nikakumbuka kabisa nilivyomwambia. Lakini watu walikuwa wamejaa uani, wote wananitazama, na daftarini jioni ya jana yake sikuandika jina hata moja, maana mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na haraka.

"Hilo ulilikabidhi juzi," nikasema. "Leo kafi liko wapi?"

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Mwalimu, mie sina ufunguo. Wewe njo iko na ufunguo."

Lo! Damu ilinichemka. Mtu ananisimamia uani kwangu, mbele ya mke wangu na watu wote, ananiita mwizi? Hapo ndipo ningepaswa kusema: jamani, mimi sasa nimeguswa, jambo hili atafutwe mwingine alisikilize. Mtoto wa darasa la tano angejua. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa, nikafungua daftari, nikaanza kumhukumu. Nikawauliza watu nani alimwona akileta kafi. Mmoja akasema alikuwa nyuma yake kwenye mstari, lakini mvua ilikuwa kali. Mwingine akaangalia chini. Mambo yote hayakuchukua hata muda wa chungu cha wali kuiva. Nikasema amevuka kwa adui, na kanuni ipo mlangoni, kila mtu ameiona.

Kisha nikamwandikia komandan barua. Kanuni haikunitaka niandike barua. Niliandika kwa sababu yule mtu alikuwa ameniita mwizi. Watu wawili wenye bunduki wakavuka, wakamchukua kwa mtumbwi wake mwenyewe, wakiomba kafi kwa jirani. Walisema ni kwa maswali tu. Hakurudi.

Mkewe alifungasha siku ile ile. Chungu, mkeka, nguo, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Aliponipitia akaniuliza kama anaweza kuchukua mlango wa nyumba, mlango wa mbao ngumu aliouchonga ndugu yake. Nikamjibu kwamba mlango ni mali ya avenyu. Hakubisha. Akaenda zake na njia ya Kalima, na watu wakarudi ndani mmoja mmoja. Mlango ule nimeufikiria zaidi ya vitu vingi maishani mwangu, maana hakuna kanuni wala komandan aliyeniambia niuzuie.

Mama yangu hakuwepo. Alikuwa ameondoka na giza la alfajiri kwenda kwenye shamba la mpunga. Alirudi alasiri, amelowa, akatua kapu, akauliza kwa nini mji uko kimya hivi. Nikamweleza kwa kujivuna kidogo, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Akanisikiliza. Kisha akauliza:

"Kafi gani hiyo, mwanangu?"

"Lake. Lile la ufa."

Akakaa chini, palepale kwenye matope. "La ufa? Si njo nilipikia uji wako leo. Kuni zote zililowa. Niliiona imepasuka, nikasema hii mumeitupa."

Nilikwenda jikoni. Kwenye majivu kilikuwepo kipande cha mpini, urefu wa kidole, waya umekizunguka. Alikuwa ameshalifunga waya, kama nilivyomwambia.

Mama akasema twende mara moja kwa komandan. Akainuka, akatafuta kanga kavu ya kuvuka nayo. Nikamshika mkono. Nikamwambia, mama, ukisema watakuchukua wewe. Nikamwambia, mama, wataichoma nyumba. Nikamwambia anyamaze, na nilimwambia kwa sauti ambayo mtoto hampi mzazi. Akaikunja ile kanga, akakaa. Sikumsikia tena akilitaja jambo lile mpaka alipofariki, mwaka uleule bunduki zilipoondoka mjini. Nilimzika nikidhani amekwenda nalo.

Niliogopa, ndiyo. Lakini komandan naye akaondoka, na mwingine akaja akaondoka, reli ikapiga honi tena, watu wakaanza kuuza sabuni na chumvi kwa magunia, na mimi bado nilinyamaza. Ile haikuwa hofu tena. Ilikuwa aibu, nayo ilikaa kwangu kama mgeni asiyejua kuaga. Nikarudi ubaoni nikachora vyumba vyangu vitatu. Nikawa mkali kuliko zamani. Shefu wa avenyu akigawa kazi ya barabara, nauliza nani amemchagua. Msikitini wakiunda kamati ya paa, nauliza nani atawakagua. Watu wakasema Mwalimu yule, huyo hadanganyiki. Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu nililiona kila siku, ndiyo maana nikawa napiga kelele juu ya ya wenzangu.

Siku moja kabla ya kesi nilivuka kwenda mjini kununua sabuni. Kwenye mtumbwi wa mota, benchi la mbele, nikamwona bwana wa komini amekaa na mwanamke kijana mwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa amemshikia mwavuli. Anamwinamia, anamnong'oneza. Nikamwuliza aliyekaa kando yangu yule binti ni nani. Akasema, "Hujui? Njo hakimu mupya."

Aha. Basi imekwisha, nikasema moyoni. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Ameshanunuliwa, mwavuli umeshafunguka, sasa mimi nikasumbuke kusema nini? Maneno yangu yataandikwa, yatatiwa kwenye droo, na mimi nitabaki uchi mbele ya mji mzima bure. Wallahi nilifurahi. Niliteremka mtumbwini mwepesi, nikanunua sabuni, nikala na ndizi mbili. Ndipo nikajua ile shuku yangu yote, ya miaka yote, ilikuwa inanifanyia kazi gani. Kama wote ni wezi, mimi sina deni.

Kesho yake nikaenda tribinali na jibu langu tayari: kamati ilisema, na kamati njo ilikuwa sheria. Chumba kilikuwa kidogo, benchi nne, bendera imefifia. Mama yule alikaa benchi la mbele. Sikumtambua mpaka alipogeuka. Ameketi wima, viatu vyake vya plastiki amevivua akaviweka sawa kando ya miguu. Viganja vyake vilikuwa na makovu mengi madogo ya mawe. Aliniamkia. "Habari ya nyumbani, Mwalimu?" Nikainamisha kichwa.

Hakimu alipoingia, bwana wa komini akainuka, akamsogelea mezani, akamwinamia kama jana. Yule binti akarudisha kiti nyuma.

"Baba," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "rudi ukae. Ukiwa na neno, sema kutoka pale pale. Jana kwenye mtumbwi uliniuliza kesi hii nikakuambia siizungumzi mtoni. Karani, andika na hilo."

Karani akaandika. Bwana wa komini akarudi kukaa, shingo imeingia mabegani. Na mimi nikahisi ardhi inanikimbia. Nilikuwa nimeegemea ubaya wa yule binti, na sasa umeondolewa.

Nikaitwa. Nikaapa kwa Msahafu. Hakimu hakuniangalia usoni, aliangalia karatasi yake.

"Mzee, kanuni ya makafi aliitunga nani?"

"Kamati, Mama Hakimu."

"Kamati ilikuwa na watu wangapi siku ile?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

"Makafi aliyatunza nani?"

"Mimi."

"Aliyemshitaki mvushaji?"

"Mimi."

"Aliyesikiliza mashitaka?"

Nyuma yangu mtu akaanza kucheka. "Mimi," nikasema.

"Na barua kwa komandan, nani aliandika?"

Sasa chumba kizima kilicheka. Hakimu peke yake hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, kisha akauliza taratibu: "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mwalimu. Nafundisha uraia."

Hapo hakuna aliyecheka tena, na ilikuwa mbaya zaidi.

"Swali la mwisho," akasema. "Kafi lilikuwa wapi?"

Bwana wa komini alinikazia macho. Sikumwangalia. Niliogopa kuliko siku zote za bunduki, jasho likaniingia machoni. Jibu lilikuwa moja rahisi, sijui, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunibishia. Mama yule hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa anaangalia viatu vyake, anavisogeza kidogo, anavinyoosha, kama mtu ambaye ameshazoea kutotegemea kitu.

"Lilipikia uji wangu," nikasema. "Mama yangu alilichoma, hakujua ni la mtu. Nilijua siku ile ile, alasiri. Mvushaji alinikabidhi kafi lake mkononi. Hakuvuka kwa adui. Nilimhukumu kwa sababu aliniambia mimi ndiye mwenye ufunguo."

Karani aliacha kuandika, kisha akaandika. Mimi nikashindwa kunyamaza. "Mama Hakimu, mpe mama huyu parsele yake leo hii, na mimi unifunge, ni haki kabisa..."

"Mzee," akanikatiza, si kwa ukali. "Hapa wewe ni shahidi. Kuamua niachie mimi."

Maneno yale yaliniuma, na yalinipumzisha. Miaka mingi hakuna mtu aliyeniambia jambo fulani si kazi yangu.

Hukumu ilikawia wiki kadhaa. Msidhani nilikuwa nimepona: kila siku nilijiambia aha, sasa wanamzunguka, sasa mwavuli unafunguliwa tena. Lakini hukumu ikatoka, parsele ikarudi kwa mama yule, na bwana wa komini akapewa muda wa kuondoa vitu vyake. Juu yangu karatasi haikusema kitu. Nilikuwa nimejiandaa kufungwa, nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyevaa kanzu ya Idi siku isiyo ya Idi.

Kesho yake mama yule alikuja kwangu. Mke wangu akamletea kiti, hakukaa. Alikuwa na ile hukumu kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, karatasi hii iko Kifaransa," akasema. "Avenyu haisomi Kifaransa. Siku ile ya kutufukuza ulisema kwa mudomo, watu wote wakasikia. Watoto wangu wamekua wanaitwa watoto wa musaliti mpaka Kalima. Mie nataka upite nyumba kwa nyumba, useme kwa mudomo ule ule."

"Zote?"

"Zote. Mie nitakaa kwangu. Nitasikia."

Nikavaa shati safi. Njiani nilipanga maneno yangu, na niseme kweli, nilianza kujiona mtu. Nilifikiri watashtuka. Nilifikiri watashika vichwa, wengine watalia, wengine pengine watanipiga, nami nitavumilia. Nilikuwa nakwenda kuufungua moyo mbele ya watu ambao hawakuwepo tribinali na hawajui lolote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi wa ng'ambo ya njia, aliyekuwa shoga wa mama yangu. Ni mtu mzima sana sasa, macho hayaoni vizuri. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo kwa vidole. Nikapiga hodi, nikasalimia, nikasimama. Nikamwambia yote: mstari wa jioni, mvua, daftari, uji, waya kwenye majivu. Nilimwambia kwamba yule mvushaji hakuwa msaliti, na kwamba nilijua.

Vidole vyake havikusimama. Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani.

"Tulijua, Mwalimu," akasema.

"Mlijua nini, Bibi?"

"Kafi. Mama yako alikuja hapa kulia, juma lile lile. Akaniambia, mie nikaambia wengine. Avenyu nzima tulijua, mvushaji akingali hai kule kwa komandan."

Nikashika nguzo ya baraza. "Mbona hamkusema?"

Sasa vidole vikasimama. Akaniinulia uso wake na yale macho yasiyoona vizuri.

"Mama yako aliniuliza neno hilo hilo, mwanangu. Akaniuliza, twende kushitaki kwa nani? Nikafikiri, nikafikiri. Mwenye kanuni ni wewe, mwenye funguo ni wewe, mwenye kuhukumu ni wewe." Akapeta mchele mara moja, akauweka chini. "Haya, weye ni mwalimu. Niambie leo. Tungeenda kwa nani?"